Taji la Miiba la Linlithgow: Uchambuzi wa Kisa cha Mnara Mmoja wa Kanisa

Anayesafiri kwa treni kutoka Edinburgh kwenda Glasgow hupita mji mdogo wa Linlithgow kabla ya nusu saa kwisha, na akigeuza uso upande wa kaskazini ataona kilima kifupi kando ya ziwa, na juu yake majengo mawili yaliyokaribiana kama nyumba za ndugu. La kwanza ni kasri la wafalme wa Uskoti, kuta nene zisizo na paa. La pili ni Kanisa la Parokia la Mtakatifu Mikaeli, jengo la mawe la mtindo wa Gothiki ambalo hadi leo waumini huingia kusali. Juu ya mnara wa kanisa hilo hakuna kuba wala kilele cha mawe. Kuna miiba mirefu ya rangi ya dhahabu inayoinuka kutoka kingo za mnara na kukutana katikati, mithili ya fito za nyumba ya msonge kabla haijaezekwa.

Kanisa ni la karne ya 15 na ya 16, ilhali miiba ni ya mwaka 1964. Mnara huo ulivikwa kwanza taji la mawe, ukavuliwa, ukakaa kichwa wazi kwa miaka 143, kisha ukavikwa taji ambalo mafundi wa kwanza wasingelitambua. Hicho ndicho kisa ninachotaka kukichambua, kwa sababu kinagusa swali linalomkabili kila aliyekabidhiwa jengo la kale: kilichopotea kirudishwe kama kilivyokuwa, pengo liachwe, au pafanywe kitu kipya kabisa? Nionavyo mimi, watu wa Linlithgow waliamua vyema, na ushahidi wa hilo nautafuta katika kuta za mnara na katika historia ya jengo lenyewe, wala si katika ladha ya mtu. Kwa hiyo sharti tuanzie chini.

Mahali hapo palikuwa na kanisa tangu karne ya 12, wakati wa Mfalme David I, lakini tarehe ambayo wenyeji huihesabu ni 1242, David de Bernham, askofu wa St Andrews, alipoliweka wakfu kanisa lililosimama hapo wakati huo. Askofu huyo alikuwa na bidii isiyo ya kawaida. Kati ya 1240 na 1249 aliweka wakfu makanisa yapatayo 140, hivyo Linlithgow ilikuwa kituo kimoja tu katika safari yake ndefu. Miaka 60 baadaye, katika majira ya baridi ya 1301 kuingia 1302, Edward I wa Uingereza alipiga kambi mjini humo akiwa katika vita vya kuitiisha Uskoti, akajenga boma la ulinzi kilimani na kuligeuza kanisa kuwa ghala la jeshi lake. Kisha mwaka 1424 moto uliteketeza mji, ukaharibu makao ya kifalme na kanisa kwa pamoja. Mwaka huohuo Mfalme James I wa Uskoti alikuwa amerudi kutoka Uingereza alikoshikiliwa mateka kwa miaka 18, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuanza kulijenga kasri. Kanisa nalo likaanza kuinuka upya ubavuni mwake.

Kuinuka huko kulichukua zaidi ya miaka 100. Kwanza ulijengwa ukumbi wa kati pamoja na baraza zake mbili za pembeni, kisha mnara upande wa magharibi, na mwisho, kuanzia miaka ya 1490 hadi miaka ya 1530, upande wa madhabahu unaoishia mashariki kwa ukuta wa pande tatu wenye madirisha marefu. Jengo linalochukua karne nzima hupitia mikononi mwa vizazi vitatu vinne vya waashi, na hapa mmoja wa vizazi hivyo ameacha jina lake: ndani ya kanisa lipo jiwe la kaburi la John French, aliyefariki 1489, ambalo linamtaja kuwa baba yake Thomas, mwashi mkuu wa Daraja la Dee huko Aberdeen. Kwa fundi, hiyo ni heshima ya pekee. Jiwe halimtaji mfalme wala askofu aliyemwajiri, linamtaja mtoto wake na daraja alilolijenga.

Ningependa msomaji asimame nami kidogo ndani, kwa sababu mambo mawili yaliyomo humo yanabeba hoja yangu yote. La kwanza ni dirisha la kipenu cha kusini, ambacho huitwa Kipenu cha Mtakatifu Katherine. Kwa chini, vijiti vya mawe vimesimama wima na kuligawa dirisha katika milango miembamba ya nuru. Kwa juu, vijiti hivyohivyo huanza kujipinda, vinaachana, vinarudiana na kufungana kama ndimi za moto. Jiwe limechongwa jembamba kiasi kwamba mtu akiwa mbali anaweza kudhani ni ukindu uliosukwa. Huo ni mkono wa Kigothiki uliopendwa zaidi Ufaransa na nchi za bara kuliko Uingereza. Ukitembea hatua chache hadi madirisha ya mashariki, yaliyochongwa baadaye, utakuta mistari imetulia, imenyooka, imekaribia zaidi namna ya Waingereza. Nguzo za ukumbi nazo, dari za mawe zenye mbavu juu ya baraza za pembeni, na nafasi ya juu ya katikati ambayo haikupewa dari la mawe bali kenchi za mbao, kila sehemu ina umri wake na desturi yake. Anayesema kwamba kanisa hili lilikuwa kitu kimoja kilichokamilika, kisha karne ya 20 ikaja kulichafua, hajaliangalia vizuri. Halijawahi kuwa la mkono mmoja.

Jambo la pili ni kengele. Mojawapo ya kengele za mnara ilitengenezwa 1490, enzi ya James IV, na maandishi yake ya Kilatini yanaongea kwa nafsi ya kwanza: yanasema kwamba mji wa Linlithgow ndio ulionifanya, nami naitwa Alma Maria. Tazama nani anayetajwa kuwa mtengenezaji. Mfalme ametajwa kwa ajili ya tarehe tu. Mwenye kengele ni mji. Kanisa hili lilisimama mlangoni mwa kasri, wafalme walisali humo, na kwa mapokeo ya mji Malkia Mary wa Uskoti, aliyezaliwa kasrini tarehe 8 Desemba 1542, alibatizwa humo; hata hivyo tangu mwanzo lilikuwa kanisa la parokia, mali ya wauza ngozi, washona viatu, waokaji na wafanyabiashara wa mji. Hilo litaonekana kuwa na maana kubwa tutakapofika kwenye miaka ya shida.

Taji la mawe lilipandishwa juu ya mnara katika zama hizo za mwisho wa karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16. Minara ya namna hiyo ni michache sana. Upo wa Kanisa la Mtakatifu Giles mjini Edinburgh, uliojengwa mnamo mwaka 1500, upo wa King's College mjini Aberdeen, na kusini ya mpaka upo wa Newcastle. Muundo wake ni huu: kutoka kingo za mnara huchomoza matao yanayopaa kuelekea katikati bila ukuta chini yake, na pale yanapokutana hubeba kinara kidogo cha mawe. Kwa mtu aliye chini huonekana kama taji la kifalme lililofungwa juu, na mfanano huo haukuwa wa bahati. Mwaka 1469 bunge la Uskoti lilikuwa limetamka kwamba mfalme wake ana mamlaka kamili na himaya huru ndani ya nchi yake, yaani hana mkubwa juu yake duniani, awe mfalme wa Uingereza au mtawala mwingine yeyote. Taji lililofungwa juu lilikuwa alama ya kaisari. Kuliweka juu ya mnara wa kanisa, mahali ambapo kila mpita njia ataliona, kulikuwa kuyasema maneno ya bunge kwa mawe. Linlithgow, mji wenye kasri, ulikuwa na sababu zaidi ya miji mingine kuyasema.

Lakini alama hiyo ilikuwa na gharama ambayo fundi yeyote anaweza kuieleza. Tao husimama kwa sababu kila jiwe linalisukuma jirani yake. Uzani wote unateremka kwa kubanana, na mwisho wa safari yake hauendi chini tu, huenda pia nje. Ndiyo maana makanisa ya Gothiki yana viegemeo vinene vya mawe nje ya kuta, na juu ya viegemeo hivyo vinara vizito vinavyoukandamiza msukumo uelekee ardhini. Sasa liweke tao hilo juu kabisa ya mnara. Hakuna kiegemeo cha kulizuia huko angani, na ukuta wa mnara kileleni ni mwepesi kwa sababu hauna kitu juu yake cha kuukandamiza. Kila tao linausukuma ukuta uliopo mguuni pake, saa zote, mwaka mzima. Mawe huvumilia sana kubanwa lakini huvumilia kidogo mno kuvutwa, basi pale ukuta unapoanza kutanuka, ufa hutokea, na ufa ukishatokea maji huingia. Katika nchi ya Uskoti maji hayo huganda usiku wa baridi, na maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Chokaa ya kiungio hulegea, jiwe linasogea nywele moja, na msimu unaofuata ufa unapokea maji mengi zaidi. Hakuna uzembe wa mtu katika hayo. Ndivyo taji la mawe linavyozeeka.

Historia ya mataji mengine inathibitisha hivyo. La Aberdeen liliangushwa na dhoruba mwaka 1633 likajengwa upya. La Mtakatifu Giles lilifanyiwa kazi kubwa na mwashi John Mylne mwaka 1648, na limesimama hadi leo kwa sababu Edinburgh ulibaki kuwa mji mkuu wenye fedha za kuyaita mafundi kabla mambo hayajaharibika. Kwa hiyo ninaposikia swali kwa nini Linlithgow ulipoteza taji lake, jibu langu ni kwamba tusitafute kosa la waashi. Tuutazame mfuko wa mji.

Mfuko huo ulianza kutoboka mapema. James IV aliuawa vitani Flodden tarehe 9 Septemba 1513, na kisa chake kimeshikamana na kanisa hili: mwandishi wa historia wa karne ya 16 anasimulia kwamba mfalme alipokuwa katika sala ya jioni humo, mtu mwenye upara na vazi la buluu alipenya katikati ya wakuu, akaegemea mahali pa mfalme, akamwonya asiende vitani, kisha akatoweka. Wapo wanaodhani kwamba onyo hilo lilipangwa na malkia wake, Margaret, dada wa mfalme wa Uingereza ambaye vita ilikuwa dhidi yake, na dhana hiyo mimi naiona kuwa na mantiki. Mwaka 1559, katika vuguvugu la Matengenezo ya Kanisa, wakuu wa Kiprotestanti walipita Linlithgow, na sanamu za watakatifu zilizopamba kuta zikaondolewa. Imebaki moja tu ya nje, ya Mikaeli mwenyewe, iliyo juu ya kiegemeo cha pembe ya kusini-magharibi. Vipande vya nakshi ya mawe vilivyopamba madhabahu, vyenye picha za mateso ya Kristo, vingali vimehifadhiwa kanisani, vimevunjikavunjika. Kisha mwaka 1603 James VI akahamia London kurithi kiti cha Uingereza, na baraza lake likaondoka naye. Mwaka 1607 upande wa kaskazini wa kasri ulianguka wenyewe.

Kanisa halikuanguka, na sababu ni ileile iliyoandikwa kwenye kengele. Mfalme aliondoka, watu wa mji hawakuondoka. Tauni ilipoukumba mji wa Edinburgh mwaka 1645, chuo kikuu chake kilikimbilia Linlithgow na wanafunzi wakafundishwa ndani ya kanisa. Mwaka 1650 askari wa Oliver Cromwell, jemadari wa Uingereza, waliingia humo pamoja na farasi wao. Mwanzoni mwa Februari 1746 askari wa Duke wa Cumberland, jemadari wa jeshi la serikali, walilala kasrini, na walipoondoka kasri likaungua. Halijapata paa tena hadi leo. Ghala, darasa, zizi: jengo lilitumika kwa kila jambo, lakini baada ya kila jambo waumini walirudi, wakafagia, wakapiga kengele. Ukilinganisha majengo hayo mawili yaliyo hatua chache tu kutoka moja hadi jingine, utaona kwamba jengo la kale huokolewa zaidi na mahitaji ya watu wake kuliko na utukufu wa aliyelijenga.

Hata hivyo mahitaji ya waumini hayakulingana na mahitaji ya taji. Waumini walihitaji paa lisilovuja, mimbari inayosikika, mabenchi na joto kidogo. Baada ya Matengenezo, ibada ya Kipresbiteri ilikuwa ya kusikiliza Neno, hivyo ukumbi mrefu wa maandamano na madhabahu nyingi za vyama vya mafundi haukuwa na kazi kama zamani. Fedha zilizopatikana zilielekezwa pale maumivu yalipokuwa makali. Mwaka 1812 kenchi za kale za mwaloni, zilizokuwa zimeoza, ziliondolewa na mahali pake pakawekwa dari la plasta. Kazi ya bei nafuu, na kwa macho yetu ya leo ni hasara ya kuhuzunisha, lakini watu walipata pa kusalia bila kunyeshewa. Miaka 9 baadaye, 1821, ikawa zamu ya mnara. Taji lilionekana kuwa hatari, likihofiwa kuanguka na kulivunja paa jipya pamoja na waliomo chini yake, likashushwa.

Siwezi kuwalaumu. Mwenye kulaumu inampasa aseme fedha za kulijenga upya zingetoka wapi, na nani angekubali kukaa na watoto wake chini ya mawe yaliyolegea wakati fedha zikitafutwa. Jambo ambalo nasikitika nalo ni jingine: mataji ya aina hiyo yalikuwa machache mno, na la Linlithgow lilipoondoka, liliondoka pamoja na elimu yote iliyokuwa kwenye maungio yake, namna mawe yalivyokatwa na kufungwa. Jengo huweza kuchorwa kutoka mbali, lakini maungio hayaonekani kwenye mchoro.

Mwishoni mwa karne ya 19 hamu ya kuyatengeneza makanisa ya kale ilienea Uskoti nzima, na kati ya 1894 na 1896 kanisa la Mtakatifu Mikaeli lilifanyiwa ukarabati mkubwa chini ya John Honeyman, msanifu wa Glasgow ambaye ofisini kwake alikuwa akifanya kazi kijana Charles Rennie Mackintosh, ambaye baadaye angekuwa msanifu mashuhuri kuliko wote wa nchi hiyo. Ndani kulisafishwa, jengo likarudishiwa mandhari yake ya Kigothiki. Taji halikurudishwa. Hilo ni la kuzingatiwa sana, kwa sababu zama zile zilipenda mno kurudisha vya kale, wakati mwingine kupita kiasi, na waashi wa kuchonga mawe walikuwepo tele. Ikiwa hata wao waliuacha mnara kichwa wazi, basi kizuizi hakikuwa ukosefu wa hamu. Kuta zilizokuwa zimekwisha kutanuliwa na msukumo wa karne tatu zisingeweza kutwishwa tena mzigo uleule bila mnara wenyewe kuimarishwa kwa gharama kubwa.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye wasomaji wa Kenya wana haki ya kumjua. Mchungaji David Steel alihudumu katika Kanisa la Mtakatifu Andrea, Nairobi, kati ya 1949 na 1957. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na serikali ya kikoloni ikaanza kuwatia watu kambini kwa maelfu, yeye alikuwa mchungaji wa walowezi na maofisa, watu ambao wangependa mchungaji wao anyamaze. Mwaka 1955 alihubiri waziwazi kuukosoa mwenendo wa serikali hiyo kwa Wakikuyu, na mahubiri hayo yakasikika redioni. Ni katika miaka yake hiyo, mwaka 1956, sharika za Wazungu za Kanisa la Uskoti ziliungana na Waafrika katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki. Mwaka 1959 aliwekwa kuwa mchungaji wa Linlithgow, akakaa huko hadi 1976, na katikati ya muda huo, 1974, akachaguliwa kuwa Moderata, yaani mwenyekiti, wa Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskoti. Mwanawe mwenye jina hilohilo, aliyepitisha sehemu ya utoto wake Nairobi, ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa chama cha Liberal nchini Uingereza na spika wa kwanza wa Bunge la Uskoti lililorejeshwa mwaka 1999.

Taji jipya lilipandishwa mwaka 1964, chini ya uchungaji wake. Aliyelibuni ni Geoffrey Clarke, mchongaji Mwingereza aliyezaliwa 1924, ambaye mikono yake ilikuwa imetoka kwenye kazi ya kanisa kuu la Coventry: alitengeneza baadhi ya madirisha ya ukumbi wake na msalaba unaosimama juu ya paa lake. Coventry ilikuwa mfano uliokuwa mbele ya macho ya kila mtu. Kanisa kuu la kale la mji huo lilichomwa na mabomu ya Wajerumani usiku wa tarehe 14 Novemba 1940; badala ya kulijenga tena kama lilivyokuwa, waliziacha kuta zilizoungua zisimame, wakajenga kanisa jipya ubavuni mwake, likawekwa wakfu 1962. Kizazi kile kilikuwa kimejifunza kwamba kitu kipya kinaweza kusimama kando ya kidonda bila kujifanya kidonda hakikuwepo.

Kwa Linlithgow, Clarke hakuchora matao. Alisimamisha miiba iliyonyooka, kiunzi chake kikiwa cha mbao zilizogandishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka, ngozi yake ikiwa ya alumini. Uamuzi huo ulipokewa kwa hisia zilizogawanyika, na upinzani haukuisha siku moja. Waliopinga walikuwa na hoja inayostahili kusikilizwa: mnara ni wa mawe, jirani yake ni kasri la mawe, na mandhari ya kilima kile ni miongoni mwa mandhari za kale zilizo kamili zaidi Uskoti, kwa nini kuingiza chuma chenye kung'aa? Mtu akiyaona majengo hayo kwa mara ya kwanza, jicho lake hukwama kwenye miiba kabla halijafika kwenye dirisha la Katherine au sanamu ya Mikaeli, na hiyo ni hasara ya kweli.

Bali tuzipime njia nyingine zilizokuwepo. Kurudisha taji la mawe maana yake ni kurudisha msukumo uleule uliolivunja la kwanza. Mita moja ya ujazo ya jiwe la mchanga huzidi tani 2, ilhali ya mbao haifiki nusu ya hapo, na fito za Clarke zimefungwa pamoja kama kiunzi kimoja kinachoukalia mnara, wala hazihitaji kuusukuma ukuta ndipo zisimame. Huo ndio moyo wa kisa hiki. Fundi alilijua tatizo la mnara, akachagua umbo na vitu ambavyo mnara ungeweza kubeba. Zipo pia njia za hila: kutengeneza matao ya uongo kwa vitu vyepesi, kuyapaka rangi ya mawe, na kumwachia mgeni aamini kwamba anaona kazi ya enzi ya James IV. Njia hiyo ingewaridhisha wengi, na ndiyo ambayo mimi ningeipinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu jengo la kale ni hati, na hati ikighushiwa mstari mmoja, msomaji hupoteza imani na mistari yote. Kuacha mnara wazi, naikubali kuwa njia yenye heshima. Mnara uliishi hivyo miaka 143. Lakini parokia haikuwa imeomba kuishi ndani ya kumbukumbu.

Kuna na maana ya umbo lenyewe, na hapo naona Clarke alikwenda mbali kuliko wale walioona tu chuma. Taji la kwanza lilikuwa la kifalme, tamko la madai ya utawala. Mfalme yule hayupo, kasri lake halina paa, na madai yale yalikwisha na zama zake. Taji la pili ni la miiba. Limetoka kwa mfalme likaenda kwa Kristo, tena si Kristo wa enzi bali Kristo wa mateso, yuleyule aliyechongwa kwenye vile vipande vya mawe vilivyovunjwa mwaka 1559. Kwa kanisa la Kipresbiteri, ambalo tangu siku za John Knox, kiongozi wa Matengenezo ya Kanisa huko Uskoti, limeshikilia kwamba kichwa cha Kanisa ni Kristo na si mtawala yeyote, hilo ni fundisho lililopandishwa mnarani. Sisemi kwamba kila mzee wa kanisa aliyepiga kura aliwaza hivyo. Nasema tu kwamba mchungaji aliyekwisha kusimama Nairobi na kuukosoa utawala alikuwa na sababu ya kulielewa taji la namna hiyo.

Tangu hapo jengo limeendelea kuongezwa. Mwaka 1992, miaka 750 ikiwa imetimia tangu siku ya David de Bernham, lile dirisha la mawe yaliyosukwa la kipenu cha kusini lilipata vioo vipya vya rangi, kazi ya Crear McCartney juu ya Pentekoste. Ndimi za moto za mwashi wa karne ya 15 zimejazwa moto wa kioo wa karne ya 20, na sijasikia mtu akilalamika kwamba havipatani. Pengine ni kwa sababu kioo kiko ndani ya mipaka ya jiwe, ilhali miiba iko juu, peke yake, haina mahali pa kujificha.

Wala taji jipya halikuepuka sheria iliyolishusha la kwanza. Mvua ile ile na baridi ile ile vimelipiga kwa zaidi ya nusu karne. Rangi yake ilififia, unyevu ukaifikia mbao iliyo chini ya ngozi ya chuma, na katika miaka ya 2020 ikabidi lifanyiwe ukarabati mkubwa, kukiwa na majukwaa ya mafundi kuuzunguka mnara. Tofauti ni kwamba safari hii kilichohitaji kubadilishwa kingeweza kubadilishwa. Kipande cha ngozi kinatoka, mbao inakaguliwa, iliyooza inakatwa, kipande kipya kinafungwa, na ukuta wa mawe ulio chini hautikisiki.

Chini barabarani, katika kisima cha mji kilichojengwa 1720, pamechongwa kwa Kiskoti cha zamani maneno yasemayo kwamba Mtakatifu Mikaeli ni mwema kwa wageni. Mgeni anayepanda kutoka hapo hadi lango la kanisa huiona sanamu ya malaika huyo pembeni, mawe yake yameliwa na hali ya hewa, na juu yake miiba ya dhahabu, na kati ya hivyo viwili, mahali pasipoonekana kutoka chini, inaning'inia kengele iliyotengenezwa na mji mwaka 1490.